Shangazi, minyoo imeigawa nyumba yangu

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia saa nane usiku, nimekaa ukingoni mwa kitanda cha mwanangu, maana hii ndiyo saa anayoamka.

Ana miaka 6. Ni mwezi wa nne huu hajalala usiku mmoja ukaisha salama. Akishashikwa na usingizi kidogo anaanza kugeukageuka, mkono unakwenda nyuma, anajikuna huku analia na macho kayafumba. Usiku mmoja nilimmulika kwa tochi ya simu. Nikaona kitu cheupe, chembamba kama kipande cha uzi wa kushonea, kinatembea. Kinatembea, shangazi! Nilipiga kelele mpaka baba yake akaja mbio.

Asubuhi nikampeleka hospitali. Wakapima choo, wakasema hana minyoo. Nilipoeleza nilichokiona, aliyetuhudumia akacheka, akasema kina mama tukiona uzi wa nguo tunadhani ni mnyoo. Nikatoka nimeinamisha kichwa. Nikanunua dawa mwenyewe, mtoto akatafuna kidonge kimoja. Akalala vizuri, hata nikasahau. Baada ya wiki chache mambo yakawa yale yale. Nimefanya hivyo mara tatu sasa: dawa, nafuu, halafu tunaanza upya.

Lakini lililonifanya nishike simu niandike ni hili. Kuna binti wa marehemu dada yangu, ana miaka 11, ameletwa aishi nasi. Alifika siku ya Ijumaa. Wakawa wanalala kitanda kimoja na mwanangu, na Jumanne usiku mwanangu akaanza kujikuna. Mama mkwe alipotutembelea akasema mezani, watu wote wakisikia, kwamba mjukuu wake alikuwa mzima, minyoo imekuja na mgeni. Niliumia, lakini nilipohesabu siku nikaona ana haki. Nikamtoa binti kitandani, nikamtandikia godoro kwenye korido. Nikamtengea sahani, kikombe na taulo. Mashuka yake nafua peke yake. Hajawahi kulalamika hata siku moja. Juzi nikamkuta bafuni anasugua mikono mpaka imekuwa myekundu. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Najisafisha, mama mdogo, ili nirudi kulala na mdogo wangu."

Tangu siku hiyo moyo haujatulia. Mume wangu anasema aende kwanza kwa mjomba wake mpaka mtoto apone. Mimi mwenyewe sijui tena la kufanya. Nyumba nzima nimeimwagia klorini, kuta, sakafu, hadi vitasa vya milango, na harufu yenyewe inanitapisha kwa kuwa nina mimba ya miezi miwili na nusu. Na kuna jambo sijamwambia mtu: hata mimi nawashwa usiku. Kidonge ninacho kwenye pochi, sijakimeza.

Je, ni yeye aliyeileta? Dawa ni feki? Nimpeleke kwa mjomba wake?

Mama mdogo asiyelala

* * *

Marahaba, mwanangu.

Naanza na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo itakayomtoa binti huyo kwenye korido. Alifika Ijumaa, mwanao akaanza kujikuna Jumanne. Hizo ni siku nne. Kitu ulichokiona kwa tochi ni mnyoo jike aliyekomaa, wa aina inayoitwa minyoo uzi. Ili awepo pale, lazima mtoto awe alimeza yai kwanza. Yai hupasukia kwenye utumbo mdogo, kinyoo kichanga hushuka hadi mwanzo wa utumbo mpana, hukua hapo, hupandana na dume, na jike akishajaa mayai ndipo anapotoka nje usiku. Safari hiyo huchukua kama mwezi mzima, mara nyingine zaidi. Siku nne hazitoshi hata robo yake. Yai lililomleta mnyoo yule mwanao alilimeza wiki kadhaa kabla binti wa dada yako hajafunga begi lake.

Msomee mume wako aya hiyo leo. Na mama mkwe akija, msomee pia, tena mezani pale pale.

Kwa hiyo hapana, si yeye. Na kama binti naye anawashwa sasa, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni yeye aliyeyapata kwenu.

Mwanao aliyatoa wapi? Penginepo popote palipo na watoto wengine. Umri wake ndio umri wenyewe: watoto wa shule ya awali na wa madarasa ya mwanzo ndio wanaobeba minyoo hii zaidi, kwa sababu wanashikana mikono, wanaazimana penseli, na vidole haviishi mdomoni. Najua neno minyoo linavyoangukia sikio la mama. Linasikika kama mtu kakuambia nyumba yako chafu. Basi nikuambie kwamba huko Marekani na Ulaya Magharibi, kwenye mashine za kufulia na maji ya moto ya bomba, minyoo uzi ndiyo minyoo inayoambukiza watu wengi kuliko minyoo mingine yote. Na si ya jana. Katika pango moja la jimbo la Utah, Marekani, linaloitwa Danger Cave, wataalamu walikuta mayai yake ndani ya kinyesi cha binadamu kilichokauka tangu karibu miaka 10,000 iliyopita. Haiishi kwa paka wala mbwa wala kuku. Makao yake ni binadamu tu, na imetuandama siku zote hizo. Sukari nayo haizai minyoo, hata waseme nini. Mnyoo hutoka kwenye yai, na yai huingia kwa mdomo.

Sasa kipimo. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na jambo hili limenikera miaka mingi. Kipimo cha choo mara nyingi hakiioni minyoo uzi, kwa sababu jike hatagi ndani ya utumbo. Anatoka nje, anataga kwenye ngozi kuzunguka njia ya haja kubwa. Choo kinapita hakina yai hata moja, maabara inaandika "hakuna kilichoonekana", na wamesema kweli kabisa kuhusu kile choo. Ila mtoto hawakumpima. Ulipaswa kusikilizwa, mwanangu. Mama aliyemmulika mwanawe usiku akaona kitu kinatembea ameshafanya nusu ya kazi ya maabara.

Kipimo chake ni selotepu, ile inayopitisha mwanga. Asubuhi mtoto akiamka tu, kabla hajaoga na kabla hajaenda chooni, unatanua makalio taratibu, unabandika upande wa gundi kwenye ngozi ya pale mara mbili tatu, halafu unaibandika juu ya kile kipande cha kioo wanachotumia maabara. Fanya asubuhi tatu mfululizo, maana si kila usiku jike anatoka. Nimeyatazama mayai hayo kwenye hadubini mara nyingi sana: meupe, yanapitisha mwanga, upande mmoja umevimba na wa pili umenyooka, na ndani unamwona mnyoo mdogo amejikunja. Kwa macho matupu huyaoni kamwe.

Unauliza kama dawa ni feki. Sidhani. Mtoto alilala vizuri kila alipoitafuna, maana yake iliua. Tatizo ni kile isichokiua. Dawa hizi, albendazoli, mebendazoli au piranteli, huua minyoo iliyomo tumboni siku hiyo. Mayai yaliyo kwenye shuka, chini ya kucha na kwenye nguo ya kulalia haziyagusi. Mayai hayo yanaweza kukaa hai wiki 2 hadi 3. Mtoto anayameza upya, yanakua, na baada ya wiki chache upo tena ukingoni mwa kitanda na tochi. Ndiyo maana dozi ni mbili: ya kwanza leo, ya pili baada ya wiki 2, ili kuimaliza ile iliyoanguliwa katikati kabla haijakomaa na kutaga. Wewe ulitoa ya kwanza mara tatu. Ya pili hujawahi kuitoa.

Kisha ulimtibu mmoja katika nyumba ya watu wanne. Hapo ndipo penye kazi yote. Jike mmoja, mwenye urefu wa milimita 8 hadi 13, anataga mayai 10,000 na zaidi kwa usiku mmoja, halafu anakufa. Mayai yananata. Ngozi inawasha, mtoto anakuna, yanaingia chini ya kucha. Ndani ya saa 4 hadi 6 yameshakomaa kiasi cha kuambukiza. Anayejikuna saa nane usiku ana mayai tayari kidoleni kabla ya kifungua kinywa, na kidole hicho kinashika kitasa, rimoti, mkono wa baba. Wengine wanaambukizwa na hawawashwi kabisa. Mume wako anaweza kuwa analala fofofo huku akiwarudishia minyoo kila mwezi.

Kwa hiyo chagueni siku moja, tuseme Jumamosi hii. Mume wako, binti na mwanao wanatumia dawa siku hiyo hiyo, kila mmoja kwa kipimo chake. Mwambie mfamasia umri na uzito wa kila mmoja, wala usikisie. Jumamosi ya pili baada ya hiyo, wote tena, hata kama hakuna anayejikuna. Hasa kama hakuna anayejikuna, kwa sababu hapo ndipo watu huacha. Iandike tarehe hiyo ya pili mahali mtakapoiona.

Wewe hapana, mwanangu. Kidonge kilichomo kwenye pochi kiache humo humo. Mimba yako iko ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na huo ndio wakati ambao dawa hizi huepukwa. Nenda kliniki yako ya wajawazito, useme waziwazi kwamba unawashwa usiku na kwamba nyumbani kuna minyoo uzi. Wao ndio wataamua kama utatumia dawa na lini. Mara nyingi wanasubiri mimba ikue. Minyoo hii haiingii kwenye damu kumfuata mtoto aliye tumboni, na kuwashwa kwako, ingawa kunakera, si hatari kwake. Lakini kwa kuwa wewe hutatumia dawa kwa sasa, mikono yako ndiyo ya kuangaliwa kuliko ya wote, maana ni wewe unayepika na kuwalisha.

Mikono yenyewe ni hivi. Kucha zikatwe fupi kabisa. Sabuni baada ya choo, kabla ya kushika chakula, na asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Kila asubuhi muoge, mkianzia sehemu ya nyuma, kwa maji yanayotiririka, si ya kukalia kwenye beseni, kwa sababu mayai ya usiku yako pale na maji ya asubuhi ndiyo yanayoyaondoa. Chupi ibadilishwe kila asubuhi. Usiku watoto walale na chupi inayobana kiasi ili kidole kisifike kwenye ngozi. Nimewahi kuona akina mama wakifuata hayo kwa wiki 6 bila dawa yoyote na minyoo ikaisha, kwa sababu haizaliani tumboni: jike asipopata yai lake lirudi mdomoni mwa mtu, ukoo wake unakoma. Mnyoo mmoja huishi kama miezi miwili tu.

Klorini iache leo. Mayai ya minyoo uzi yana ganda linalostahimili dawa za namna hiyo. Unayejiumiza ni wewe na mapafu yako, na ukiichanganya na dawa nyingine ya kusafishia choo inaweza kutoa gesi yenye sumu. Kinachofaa ni kidogo kuliko ulivyodhani. Jumamosi hiyo ya dawa, mashuka, taulo na nguo za kulalia za wote zifuliwe kwa maji ya moto na zikauke vizuri. Usizikung'ute unapozitoa kitandani. Zikunje taratibu kwa ndani, kwa sababu mayai ni mepesi, yakipeperuka yanavutwa puani na kumezwa. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa. Mapazia yafunguliwe, chumba kipate mwanga na hewa kavu, mayai hayavipendi. Basi. Kuta hazina kosa.

Na sahani ulizomtengea binti hazikumkinga mtu na chochote. Nalisema hili kwa sababu huenda mama mkwe atakuja na hoja ya pili, kwamba labda ana minyoo mingine. Hebu tuseme anayo. Ile mirefu ya mviringo, inayofika sentimita 15 hadi 35, hutaga mayai 200,000 kwa siku, lakini yakitoka na kinyesi hayawezi kumwambukiza mtu papo hapo. Lazima yakae kwenye udongo wiki 2 au 3 kwanza. Minyoo ya safura huingia kwa kutoboa ngozi ya mguu uliokanyaga udongo wenye kinyesi bila viatu. Tegu mkubwa hutoka kwenye nyama isiyoiva. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayerukia mtoto kwa kulala kitanda kimoja au kunywea kikombe kimoja. Anayeambukizana kitandani ni huyu huyu minyoo uzi, na yeye tumeshaona kwamba alikuwa nyumbani kwako kabla ya mgeni.

Kuna mambo yakitokea usingoje Jumamosi wala usitegemee dawa ya kununua. Mtoto akitoa mnyoo mrefu wenye unene wa penseli, au vipande bapa vyeupe kama utepe, hiyo ni minyoo mingine na dawa na kipimo chake ni tofauti. Kiweke kwenye kopo ukipeleke hospitali. Damu kwenye choo, kupungua uzito, tumbo kuuma kwa nguvu pamoja na kutapika, au kuwashwa zaidi katikati ya vidole na viganjani, ambako pengine ni upele wala si minyoo kabisa. Na kama mmetimiza dozi mbili wote na kuwashwa kunaendelea, rudini na selotepu.

Nimeliacha la binti mwisho kwa sababu linahitaji nafasi yake.

Mtoto wa miaka 11, amempoteza mama, ameletwa kwa mama mdogo, na ndani ya siku chache ameambiwa kwa vitendo kwamba mwili wake ni uchafu. Amekubali. Anajisugua ili astahili kurudi. Nilipofika kwenye sentensi hiyo ya barua yako niliiweka chini kwanza.

Kwa mjomba wake asiende. Ukimpeleka sasa, hata mwanao akipona mwezi ujao, binti atakua akijua kwamba alipoondoka yeye ndipo ugonjwa ulipoondoka. Tena kwa hesabu ya minyoo usingepata faida yoyote: mngebaki watatu wenye mayai yenu, na kama anayo, angeyapeleka yake kwa watoto wa mjomba.

Mwite leo, mkiwa wawili tu. Mwambie ulikosea. Tumia neno hilo hilo, "nilikosea", usiseme "kulitokea kutoelewana". Mwambie minyoo ilikuwamo nyumbani kabla hajafika na umehesabu siku ukajua. Kisha muulize kwa upole kama naye anawashwa, nyuma au mbele. Kwa wasichana jike wakati mwingine hupotea njia akaingia sehemu za siri za mbele, na mtoto anapata muwasho na majimaji asiyoweza kumweleza mtu, hasa mtu aliyemtoa kitandani. Akisema ndiyo, au akisema inamuuma akikojoa, mpeleke akaonwe, na mfuatane wewe na yeye tu. Mwonyeshe kunawa kwa kawaida, povu, katikati ya vidole, chini ya kucha, suuza, basi, halafu mpake mafuta kwenye hiyo mikono yake iliyochubuka. Mpake wewe mwenyewe.

Sahani na kikombe virudi kabatini pamoja na vingine kabla ya chakula cha leo. Godoro liingie chumbani kwa mwanao usiku wa leo, likae sakafuni kando ya kitanda hadi Jumamosi, na waambie wote wawili sababu: tunasubiri siku ya dawa, kwa ajili ya wote. Jumamosi mkishatumia dawa, na mashuka yakiwa yamekauka, mtandike kitanda wewe na yeye. Yeye ndiye achague alale upande upi.

Shangazi